Kijitabu cha Mazishi Kisiandikwe na Fomu

Kuna kitabu kimoja ambacho karibu kila familia ya Meru na Embu hukichapisha, hata ile ambayo nyumbani mwake hamna kitabu kingine ila Biblia na madaftari ya watoto. Ni kile kijitabu cha mazishi tukiitacho "programu": picha ya marehemu jaladani, utaratibu wa ibada, wasifu, nyimbo na shukrani za familia. Huandikwa kwa siku mbili au tatu na watu wenye majonzi na uchovu, kisha huhifadhiwa sandukuni kwa miaka mingi. Nadhani wakati umewadia kwetu sisi walimu, ambao ndio aghalabu huitwa kukiandika, kujiuliza kama tunakitendea haki.

Swali hili halikunijia kitabuni. Ami yangu, ndugu mdogo wa baba, alipofariki huko Mbeere, mjukuu wake mmoja anayesoma chuo kikuu alijitolea kushughulikia uchapaji. Hakuna aliyelazimika kusafiri. Alifungua ukurasa wa wapiga chapa fulani wa Nairobi katika mtandao, akachagua kiolezo chenye maua, akajaza nafasi zilizoachwa wazi, akatuma picha, akalipa kwa simu. Usiku wa kuamkia mazishi, nakala 300 zikafika kwa matatu, zimefungwa vizuri, karatasi ikimetameta. Tulimsifu kijana, na alistahili kusifiwa.

Ami alikuwa na wake wawili. Yule mdogo, ambaye amelima naye shamba kwa zaidi ya miaka arobaini, hajui kusoma Kiingereza. Alichukua nakala moja, akaja nilipokuwa nimeketi, akaniambia, "Mwalimu, hebu nionyeshe jina langu limeandikwa wapi." Nikafungua ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho. Halikuwapo. Sikuwa na ujasiri wa kumwambia. Nikasema taa ni hafifu, nitamwonyesha asubuhi.

Nilipomwita kijana kando, hakuwa na ubaya wowote moyoni. "Babu," akanijibu, "fomu ilikuwa na nafasi moja tu ya mke." Usiku ule wajukuu waligawana kalamu, wakaandika jina la mama huyo kwa mkono katika nakala zote 300. Asubuhi nilimwonyesha, akalipapasa kwa kidole na kunyamaza. Lakini nakala iliyokuwa imekwisha kusambazwa kwenye simu za jamaa, kutoka Embu hadi Marekani, haikuweza kusahihishwa kwa kalamu. Huko hadi leo ami yangu ana mke mmoja.

Sitaki nieleweke kwamba ninaulaumu mtandao. Wenye umri wangu wanakumbuka adha ya zamani: mjumbe wa familia akisafiri zaidi ya kilomita 120 kutoka Embu, au zaidi ya 200 kutoka Meru, ili kwenda kusubiri katika viwanda vidogo vya uchapaji vya River Road, na kosa likigunduliwa, safari ikaanza upya. Siku hizi binti aliye ng'ambo huisoma rasimu saa ile ile na kusema, "Hapana, baba alistaafu mwaka mwingine." Hilo ni jema kubwa. Ninachokipinga ni kumwachia mpiga chapa asiyetujua kazi ya kuamua familia yetu ina umbo gani. Kiolezo hutengenezwa kwa ajili ya watu wote, na kwa hiyo hakimfahamu mtu yeyote.

Wapo watakaosema kwamba hayo ni makaratasi tu, yatakanyagwa kaburini na kusahauliwa. La, hasha! Sheria ya Urithi ya Kenya, iliyoanza kutumika mwaka wa 1981, ina kifungu cha 40 kinachoeleza jinsi ya kugawa mali ya mume aliyeacha nyumba zaidi ya moja bila wosia. Sheria ya Ndoa ya mwaka wa 2014 nayo inazitambua ndoa za kimila za wake wengi. Hata hivyo, haki iliyomo sheriani huhitaji ushahidi, na katika mahakama zetu si ajabu kuona kijitabu cha mazishi kikitolewa ili kuonyesha nani alitambuliwa na familia kuwa mke au mtoto wa marehemu, na nani hakutajwa. Kijitabu peke yake hakimalizi kesi, lakini kinaweza kumwongezea mjane safari za kortini ambazo hana nauli yake. Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Jina nalo ni mali.

Isitoshe, fomu hudai tarehe. Mzee wa Tigania au wa Runyenjes asiyejua siku aliyozaliwa hubandikwa 1 Januari ya mwaka fulani, na hivyo uwongo mdogo huchapishwa kwa wino mzuri. Kumbe mzee huyo mwenyewe alikuwa akijieleza vizuri zaidi. Alisema alikuwa mvulana wa kuchunga mbuzi wakati watu walipohamishiwa vijijini kwa nguvu katika Hali ya Hatari iliyotangazwa mwaka wa 1952. Alitaja rika lake na waliotahiriwa pamoja naye. Maelezo hayo yana historia ndani yake. Tarehe ya kubuni haina.

Vivyo hivyo majina. Kimeru na Kiembu vina irabu saba, na ndiyo maana huandikwa kwa alama juu ya ĩ na ũ. Mitambo mingi huzifuta alama hizo, au huweka kiduara cha ajabu mahali pake. Ile herufi M' inayotangulia majina ya wazee wa Kimeru huunganishwa na jina kana kwamba ni kosa la chapa. Mwalimu anayemkata mwanafunzi alama kwa kukosea tahajia hana budi kuikataa rasimu inayokosea jina la babu yake.

Yafaa tukumbuke pia kwamba kijitabu hiki si mila ya kale. Kabla ya ukoloni, watu wengi katika sehemu zetu hawakuzikwa kabisa. Walilazwa msituni, na kaburi lilikuwa la wachache wenye hadhi. Kaburi la kila mtu na ibada yake vilienea pamoja na misheni: Wamethodisti wa Kaaga, Wakatoliki wa Consolata, Wapresbiteri waliofungua kazi Chogoria mwaka wa 1922, na Waanglikana upande wa Embu. Basi kama kijitabu kimekuja juzi, hakuna mwiko unaotuzuia kukirekebisha.

Tena tunao mfano wa kuigwa. Mchungaji Filipo M'Inoti wa Kanisa la Methodisti aliandika habari za asili na desturi za Wameru, na aliziandika kwa Kiswahili. Mwanahistoria H. S. K. Mwaniki aliwaendea wazee wa Embu na Mbeere, akayasikiliza maneno yao, na mwaka wa 1974 yakachapishwa kitabuni. Watu hawa hawakuanza na nafasi za kujazwa. Walianza na kuuliza na kusikiliza. Mwanahistoria wa kesho atakayetaka kujua mkulima wa kahawa au muuza miraa wa zama zetu aliishi vipi, huenda asipate maandishi mengine ila wasifu uliosomwa kaburini pake.

Napendekeza mambo machache, yasiyogharimu chochote. Kwanza, wasifu uandikwe kamili kabla ya mtu yeyote kufungua ukurasa wa wapiga chapa. Kiolezo kifuate maneno, maneno yasifuate kiolezo. Pili, rasimu isomwe kwa sauti mbele ya familia nzima, kwa lugha ambayo bibi anaielewa, na kila nyumba ijibu kwamba imesikia jina lake. Tatu, kisisambazwe chochote simuni kabla ya usomaji huo. Nne, angalau wasifu uchapishwe kwa lugha ya marehemu au kwa Kiswahili, kwa maana Kiingereza cha kaburini mara nyingi ni cha kuwaonyesha wageni, ilhali wenye msiba wamekaa kimya. Tano, idadi ya nakala ilingane na uwezo. Kurasa za kumetameta hazimpi marehemu heshima ikiwa deni la hospitali limewaachwa watoto wake.

Na ninyi wanafunzi, ambao ndio mnaokabidhiwa simu na kuambiwa "shughulikia hayo mambo ya chapa", msidhani mmepewa kazi ya kitarishi. Mmepewa uandishi wa historia ya ukoo. Mkikuta fomu yenye nafasi moja ambapo nyumbani kwenu kuna watu wawili, msimfute mtu. Mpigieni simu mpiga chapa na mseme nafasi haitoshi. Aghalabu ataiongeza kwa dakika chache, maana yeye ni mfanyabiashara tu na hana ugomvi na mama yenu.

Mimi mwenyewe sikufanya hivyo. Niliombwa kuipitia rasimu, nikajibu kwamba nina karatasi za mtihani za kusahihisha. Nilisahihisha insha za watoto wa watu, nikaacha ile ya nyumbani kwetu ipite na kosa ambalo wino wa wajukuu haukuweza kulifuta. Kila nikutanapo na mama yule huniamkua kwa heshima ile ile, na huniita Mwalimu.