Panya Anayeuma na Kupuliza

Mwezi wa saba Sumbawanga ni baridi ya kumfedhehesha mtu mzima. Msibani tunagombea nafasi karibu na gogo linalowaka, na aliyewahi haondoki hapo hadi alfajiri. Julai iliyopita nilibahatika kukaa jirani na mzee mmoja wa upande wa Laela, mguu wake wa kushoto umezongwa kitenge kuanzia vidoleni hadi juu ya kifundo. Kijana mmoja wa afya akaomba dakika mbili: wiki ijayo kuna upimaji wa sukari, na watakaokubali wataandikishwa wafuatiliwe mwaka mzima, bure. Mzee akakohoa, akatema pembeni, akasema kwa sauti ya kusikika hadi walikokuwa wapishi: "Mimi si panya wa majaribio." Tukacheka wote. Nami nilicheka. Kijana akakunja karatasi yake akakaa.

Sentensi hiyo nimeisikia Mpui, nimeisikia Matai na Namanyere, nimeisikia kwenye basi la kwenda Mbeya, na mara nyingine, kwa aibu yetu, kwenye vikao vya watu wenye shahada. Anayeisema huonekana mjanja, mtu asiyeingizwa mjini. Leo nataka kuigombeza. Tumeiachia iseme peke yake kwa muda mrefu mno.

Tuanze na panya mwenyewe.

Kila mtu aliyelelewa kwa Kiswahili anajua kwamba panya huuma na kupuliza. Ndiyo maana, tuliambiwa, huamki usiku. Asubuhi ndipo unakuta kisigino kimetafunwa. Sasa, mwaka 2005 madaktari wa Dar es Salaam, Dk. Zulfiqarali Abbas na wenzake, walichapisha habari za wagonjwa wa kisukari waliofika kutibiwa wakiwa na vidonda vya meno ya panya miguuni. Waliumwa wakiwa wamelala, wala hawakuhisi. Hakuna panya aliyepuliza. Sukari inayokaa juu kwa miaka mingi huharibu mishipa ya fahamu, ikianzia miguuni, na mguu ukishakufa ganzi hauna namna ya kumwita mwenyewe. Msumari unaweza kutoboa ndala ukakaa humo kutwa nzima. Kaa la moto linaweza kuchoma kidole mtu akiendelea kupiga hadithi. Panya naye anakula kwa nafasi yake.

Tunayajua haya kwa sababu wagonjwa wale walikubali kuangaliwa, kuulizwa maswali ya kuudhi, kupigwa picha nyayo na kuhesabiwa. Kazi ya namna hiyo ndiyo iliyozaa mafunzo ya kutunza miguu kwa madaktari na wauguzi wa mikoa yetu, mafunzo ambayo baadaye nchi nyingine ziliyaiga: chunguza unyayo, pima hisia, toa ngozi ngumu mapema, usingoje usaha. Mguu uliopona kukatwa una deni kwa watu wale ambao mzee wangu angewaita panya.

Kwetu mguu wa namna yake una jina lake. Husemwa "amekanyaga", na hakuna anayeuliza amekanyaga nini. Inaeleweka kuna mtu alitega njiani. Mji huu wenyewe, wenyeji husema, jina lake maana yake ni tupa uchawi. Tumeshindwa hata kulitii jina la mji wetu.

Moto ulipopungua mzee akaanza kunihadithia matibabu yake. Alikunywa mizizi ya mganga wa bondeni, kule Ziwa Rukwa. Akanunua unga wa kijani stendi ya Tunduma. Halafu vidonge vya shemeji yake, ambavyo shemeji aliandikiwa kwa ugonjwa wake yeye. Dawa tatu, mwili mmoja, na hakuna aliyeandika kiasi, siku wala matokeo. Hakuna aliyemwuliza kama anakubali. Hakuna aliyemweleza kinachoweza kumdhuru. Nionyesheni jaribio la hovyo kuliko hilo. Mzee yumo kwenye majaribio miaka yote hii, ila majaribio yake hayana daftari, na hakuna atakayejifunza kitu kwayo, hata yeye mwenyewe.

Kuna damu, najua. Hofu ya damu ni ya zamani kuliko hospitali zetu. Mumiani alikuwamo katika kamusi za wamisionari kabla babu zetu hawajaona sindano. Lakini tusiiache hofu hii icheze kama utani. Oktoba 2016, katika kijiji cha Iringa Mvumi, wilayani Chamwino mkoani Dodoma, watafiti wawili wa kituo cha kilimo cha Selian, Arusha, pamoja na dereva wao, waliuawa na wanakijiji walioambiwa kwamba wageni hao ni wanyonya damu. Walikuwa wamekuja kuchukua sampuli za udongo. Udongo! Hofu ikishakosa mtu wa kuibishia mapema haiulizi umebeba chupa ya damu au mfuko wa mchanga.

Kwa utafiti wa kisukari, damu yenyewe kwa kawaida ni tone la kidole, au ikichukuliwa mkononi ni kijiko kimoja au viwili vya chai. Anayechangia damu kwa mgonjwa wa ajali hutoa karibu mililita 450, yaani vijiko 90, akapewa soda akarudi shambani. Tabu halisi ya kipimo cha sukari ni njaa. Unaamka hujala, unanyweshwa gramu 75 za glukosi zilizokorogwa kwenye maji, halafu unangoja saa mbili upimwe tena. Kwa mtu aliyetembea kutoka kijijini tumbo tupu hiyo ni adha ya kweli, na mtafiti asiyefikiria chai na maharage baada ya hapo anastahili kusemwa.

Na wapo wanaostahili kusemwa kwa makubwa zaidi. Wasomi wetu hunitajia Tuskegee, na wana haki: kuanzia 1932 hadi 1972 wanaume weusi wenye kaswende huko Marekani waliachwa waugue huku wakitazamwa, hata baada ya penisilini kupatikana. Wanataja Kano, Nigeria, 1996, watoto 200 wenye homa ya uti wa mgongo na dawa mpya iliyoletwa katikati ya mlipuko. Hayo yalitokea. Na hata bila kwenda mbali, mimi mwenyewe niliwahi kujaza dodoso la kurasa kumi na moja, nikapimwa kiuno, urefu na presha, gari likaondoka na vumbi lake, na hadi leo sijui kiuno changu kilisema nini. Tabia hiyo ni wizi mdogo mdogo, na imeharibu njia kwa watafiti waungwana.

Lakini hebu nimwulize mkulima wa Ufipa, ambaye mahindi yake yanalisha nusu ya watu wanaomcheka kwa ushirikina. Wanunuzi walipokuja na lumbesa, gunia lililovimbishwa kichwa ili debe la ziada lipite bure, je, aliacha kulima? Aliacha kuuza? Alidai mizani. Akajifunza kuisoma, akagombana, akawasimamia wanaopakia. Hakuna mtu kijijini aliyesema kwa kuwa wapo walanguzi basi mahindi yaozee ghalani, na tukamwita mjanja.

Mizani ya utafiti ipo. Sheria ya 1979 iliunda Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, na utafiti wa afya ya watu hauruhusiwi bila kibali cha maadili. Dawa mpya ikiwamo, Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA, nayo lazima iidhinishe. Kwa hiyo mwambie kijana wa karatasi akuonyeshe kibali. Isome fomu kwa Kiswahili, au mjukuu akusomee, ubaki na nakala yako. Uliza majibu yangu nitayapata lini na kwa mkono wa nani. Uliza nikidhurika nani ananitibu, na utafiti ukiisha dawa itaendelea au nitarudi kuombaomba. Ukichoka, ondoka, haki ya kuondoka bila kunyimwa matibabu ya kawaida imeandikwa. Mganga wa bondeni hakukupa haki hata moja kati ya hizo, na shemeji hakuulizwa chochote.

Kuna mizani nyingine, na hii inanisumbua zaidi. Kliniki zetu zinaendelea kupokea kipimo cha HbA1c, kile ambacho wagonjwa wanakiita kipimo cha miezi mitatu. Kinasoma sukari iliyonata kwenye chembe nyekundu za damu, ambazo kwa kawaida huishi siku 120 hivi. Chembe zikifa mapema, sukari haipati muda wa kunata, na kipimo kinasoma chini kuliko ukweli. Mwaka 2017 wanasayansi walionyesha kwamba badiliko la kurithi katika kimeng'enya cha G6PD, linalopatikana kwa watu wenye asili ya Afrika kwa sababu liliwakinga babu zao na malaria, hufanya hivyo hasa. Mtu anaambiwa yuko salama, naye hayuko. Vinasaba vya selimundu navyo vinaweza kuupotosha usomaji. Kipimo cha kuchoma kidole hakina tatizo hilo, lakini nacho husoma sukari ya wakati huo tu. Sasa fikiria bonde la Rukwa, na mbu wake, na vizazi vilivyoishi humo. Mizani iliyopimiwa miili ya watu wengine inaletwa kwetu, na watu pekee wanaoweza kugundua kwamba inapunja ni watu wa huku watakaokubali kupimwa. Mfipa anayeijua lumbesa anashindwaje kuliona hili?

Metformini anayopewa mama yangu imepata heshima yake kupitia Waingereza 5,102 waliokuwa wamegundulika na kisukari, wakaandikishwa kati ya 1977 na 1991, wakafuatiliwa hadi majibu yalipotoka 1998. Wengi wao walikuwa Wazungu. Insulini ilianza na mvulana wa miaka 14, Leonard Thompson, hospitalini Toronto, Januari 1922. Sindano ya kwanza ilikuwa na uchafu, ikamfanyia jipu, wakaisafisha wakarudia, naye akaishi miaka 13 zaidi. Mkulima wa Kaengesa anayejidunga leo anatumia jipu la mtoto yule. Anayesema si panya huku ana kichupa cha insulini mfukoni anasema tu kwamba panya wawe watoto wa wenzake.

Na miili hailingani. Mwaka 2025 vijana 894 wa Kamerun, Uganda na Afrika Kusini, wote waliokuwa wakitibiwa kama wagonjwa wa kisukari cha aina ya kwanza, walichunguzwa upya, na 65 kati ya kila 100 hawakukutwa na zile dalili katika damu zinazoonyesha kwamba mwili unaishambulia kongosho yenyewe. Kumbe huenda wengi wao wana ugonjwa wa namna nyingine, ambao vitabu vilivyoandikwa Ulaya havikuufikiria. Vijana wa Uganda walitoa vijiko vyao vya damu. Wa Nkasi na Kalambo watatibiwa kwa kitabu cha nani?

Kuhusu ule usemi kwamba kisukari ni cha wakubwa wenye vitambi, sitapoteza wino. Profesa Donald McLarty na wenzake walipowapima zaidi ya watu 6,000 katika vijiji sita vya Kilimanjaro, Morogoro na Mara, matokeo yaliyochapishwa 1989 yalionyesha chini ya mtu mmoja kwa kila 100. Uchunguzi wa kitaifa wa 2012, kwa watu wa miaka 25 hadi 64, ulikuta 9.1. Njia za kupima hazikuwa sawa, umri haukuwa sawa, na sitaki mtu azipange namba hizo kama ngazi. Ila usemi wa vitambi ni wa enzi ile ya kwanza.

Wala kujitolea si damu tu, ingawa neno lenyewe tumelichosha. Siku hizi kijana akisema anajitolea tunajua anangoja ajira. Zaidi ya wagonjwa 7,000 wa Tanzania na Uganda walishiriki utafiti uliotoa majibu 2023, uliofanyika katika vituo 32, ambako hakuna aliyemezeshwa dawa mpya. Kilichojaribiwa ni foleni: je, mwenye virusi vya Ukimwi, mwenye sukari na mwenye presha wanaweza kutibiwa kliniki moja, siku moja? Ikaonekana wanaweza, na wenye virusi hawakupoteza chochote. Hayo ndiyo majaribio tunayoyakimbia. Mtu alijaribiwa kukaa kwenye benchi.

Mama yangu anakaa kwenye benchi la namna hiyo mara moja kwa mwezi. Hajui neno utafiti. Anajua kuwaonyesha wageni wapya wapi pa kudunga, na namna ya kuihifadhi insulini kwenye mtungi wenye maji pale umeme unapokatika au usipokuwepo kabisa. Hakuna anayemlipa. Siku ya kliniki huondoka mapema kuliko siku ya misa.

Usiku ule nilirudi kutoka msibani nikamkuta bado macho, anaota moto wa jiko la mkaa, miguu imekaribia makaa kuliko nilivyopenda. Nikamsogeza nyuma kidogo, nikachuchumaa, nikawasha tochi ya simu nikaanza kumchunguza nyayo, kidole kimoja baada ya kingine.

"Wewe mtoto, unatafuta nini huko?"

"Panya, mama."

"Panya wa wapi," akasema, akijaribu kuurudisha mguu kwenye joto, "na paka huyo hapo?"