Diski Moja, Mifumo Miwili: Hoja kwa Wakazi wa Mtoni

Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilihitimisha msaada wake wa kawaida kwa Windows 10. Mkubwa wa ofisi anaweza kuagiza mashine mpya, lakini mwanafunzi wa Mtoni Mtongani au Kwa Azizi Ali, mwenye laptopu ya mtumba, hana uwezo huo. Windows 11 inadai prosesa ya karibuni na chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0, na mashine nyingi za mtumba hazina vitu hivyo. Anabaki na nyumba ambayo komeo lake halitengenezwi tena.

Hoja yangu ni kwamba asiitupe mashine hiyo. Aigawe diski yake na kuweka Linux kando ya Windows, kisha kila awashapo kompyuta achague mfumo anaoutaka. Kazi za intaneti, barua pepe na miamala ya benki azifanyie Linux, ambako masahihisho ya usalama bado yanakuja bure. Windows aiachie programu isiyo na mbadala, tena ikiwezekana bila intaneti.

Wengi huogopa, na hofu hiyo ina sababu. Yupo mwanafunzi wangu aliyempelekea fundi laptopu ili awekewe mfumo wa pili, akarudishiwa mashine safi kabisa, tasnifu ikiwa imefutwa. Kosa halikuwa la Linux. Hakuna aliyemwambia kwamba hatua ya kwanza ni kunakili kila faili muhimu kwenye diski ya nje, hata kama fundi ni ndugu yako wa damu. Baada ya hapo, ndani ya Windows kwenyewe, hupunguzwa sehemu ya C ili ibaki nafasi tupu. GB 60 hivi zinatosha kuanzia. Windows iliyofungwa kwa BitLocker isiguswe kabla hujauandika ufunguo wake wa dharura mahali salama. Uwashaji wa haraka nao uzimwe, kwa maana Windows iliyolala nusu haimruhusu jirani kuandika katika faili zake bila hatari. Betri iwe imejaa: umeme ukikatika sehemu zikiwa zinabadilishwa, diski inaweza kuharibika. Ndipo Linux iwekwe kwa flashi, katika ile nafasi tupu pekee. Nyaraka za pamoja zibaki upande wa Windows, kwani Linux huusoma upande huo, ilhali Windows kwa kawaida haiusomi upande wa Linux.

Ni kazi ya alasiri moja. Kwa nini basi haifundishwi?

Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa ushirikiano na kampuni ya Uswidi IT+46, kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyozungumza Kiswahili. Ilitokana na mradi ulioitwa Kilinux, jina linalosema lenyewe lilikokuwa likielekea. Istilahi zilisanifiwa hapa hapa, na watu wetu. Baada ya hapo Microsoft nayo ikatoa Kiswahili katika bidhaa zake. Najiuliza ni maabara ngapi za shule za Temeke ziliwahi kuona matunda ya Mlimani. Tunapenda kuzindua, kutunza kilichozinduliwa ni kazi isiyo na utepe wa kukata.

Badala yake tumezoea Windows ya wizi. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inalinda programu za kompyuta, lakini mtumishi wa umma anayeihubiri sheria hukuti akishangaa mfumo wa kompyuta yake mwenyewe ulitoka wapi. Programu ya kuvunja leseni mara nyingi huja na mgeni asiyealikwa, na mgeni huyo husoma nywila zako.

Nitaambiwa kwamba AutoCAD haifanyi kazi katika Linux. Ni kweli, na ndiyo sababu natetea mifumo miwili wala si mmoja. Mwanafunzi wa usanifu majengo abaki na Windows yake. Chuo kimpe Jumamosi moja ya mafunzo, mkufunzi mmoja na flashi ya GB 8. Yeye atoe GB 60 za diski yake.