Baba wa Watoto wa Shaba

Mwaka 2001 mwanahistoria wa Lubumbashi, Donatien Dibwe dia Mwembu, alichapisha kitabu kuhusu watoto wa Shaba, jina la zamani la Katanga, walioachwa na baba yao. Baba huyo ni kampuni ya migodi: Union Minière, kisha Gécamines, iliyotoa nyumba, posho, shule na hospitali. Wafanyakazi wenyewe waliiita baba na mama.

Anayetaka kuandika jinsi alivyokulia katika nyumba ya ugomvi huku Kolwezi, mji wa migodi ya Katanga, hana budi kumweka baba huyu wa pili ndani ya hadithi. Mwaka 1986 Gécamines ilitoa zaidi ya tani 470,000 za shaba. Mwaka 1990 mgodi wa Kamoto ukaporomoka, na kufikia 1994 uzalishaji ulikuwa chini ya tani 40,000. Mshahara ukawa hauji. Mume aliyezoea kuamua kila kitu akawa anakula kwa unga na makaa aliyouza mkewe sokoni, na wengi hawakuivumilia aibu hiyo. Waliimalizia kwenye pombe na kwa ngumi. Wakati hayo yakiendelea, mwaka 1992 na 1993, watu wenye asili ya Kasai wakafukuzwa Katanga. Ndoa za mchanganyiko zilipasuliwa, wengine wakapanda treni, wengine wakabaki.

Simtetei mwanamume aliyempiga mkewe. Jirani yake alikosa mshahara uleule na hakuinua mkono. Lakini kitabu kinachotaja ngumi na kunyamazia mshahara kinasema nusu tu.

Wapo wanaosema ya nyumbani yabaki nyumbani. Swali langu ni: siri hiyo inamlinda nani? Mtoto aliyeitwa mchawi mezani, jambo ambalo sheria ya 2009 ya ulinzi wa mtoto inalikataza, hapati kinga yoyote kwa ukimya wa ukoo. Hata hivyo mwandishi hana ruhusa ya kila kitu. Mdogo wake ambaye bado anaishi mtaa wa Manika, hapa Kolwezi, anayesalimiana na majirani walewale kila asubuhi, aulizwe kwanza; akikataa, sehemu yake iachwe.

Huko Lubumbashi simulizi za wakazi zimekusanywa kupitia mradi wa Mémoires de Lubumbashi. Kolwezi inastahili kazi kama hiyo, kwa Kiswahili chetu cha kambi za wafanyakazi, na ianze na akina mama. Waliokuwa wake wa wafanyakazi mwaka 1993 sasa ni wazee, na ndio wanaojua ni kitu gani kiliuzwa kwanza nyumbani, na nani alilala njaa.