Osiloni ina mwisho wake

Bonge la uga linalopwita mahali pamoja bila kutawanyika lilionekana katika hesabu za kompyuta za Bogolyubsky na Makhankov miaka ya 1970. Mwaka 1995 Copeland, Gleiser na Müller wakaliita osiloni. Tangu hapo yamesemwa mengi juu ya uhai wake, na baadhi hayasimami.

Wapo wanaosema bonge hilo haliwezi kuwapo kabisa, kwa kuwa Derrick alithibitisha mwaka 1964 kwamba uga wa skala peke yake hauwezi kujikusanya ukadumu katika vipimo vitatu vya nafasi. Kweli alithibitisha, lakini kwa maumbo yaliyosimama tuli. Osiloni haitulii, kwa hiyo Derrick haihusu.

Wengine hukimbilia upande wa pili: mlinganyo wa sine-Gordon una bonge lisiloisha kupwita, basi na mengine ni vivyo hivyo. Sivyo. Sine-Gordon katika kipimo kimoja ni mlinganyo wa pekee, wenye hifadhi zisizohesabika zinazolilinda bonge lake. Kwa uga wa phi-nne, yaani ule ambao nishati yake ina kipeo cha nne cha uga wenyewe, Segur na Kruskal walionyesha mwaka 1987 kwamba hata katika kipimo kimoja bonge huvuja nishati, ila uvujaji ni mdogo kuliko kipeo chochote cha ukubwa wa mtetemo. Mfululizo wa makadirio hauuoni hata ukiuendeleza mwaka mzima. Katika vipimo vitatu, osiloni za mwaka 1995 ziliishi muda wa kati ya 1,000 na 10,000, ukipima kwa kinyume cha tungamo la chembe. Wala hazikufifia taratibu mpaka mwisho, kama inavyodhaniwa: frikwensi ilipanda pole pole, ikafika kikomo, bonge likasambaratika ghafla.

Dai linalonikera zaidi ni hili: ikiwa uvujaji wa klasiki ni mdogo hivyo, basi wa kwanta ni mdogo zaidi, tuuache. Hapa mambo ni kinyume kabisa.

Chukua uga ambao nishati yake haibadiliki ukigeuza alama yake, wenye chembe za tungamo m. Mtetemo mkuu wa osiloni una frikwensi chini kidogo ya m, hivyo hauwezi kuondoka. Kinachoponyoka ni mtetemo wa frikwensi mara tatu, nao unahitaji momenta ya takriban 2.8m. Momenta hiyo lazima itolewe na bonge lenyewe, na bonge pana lenye kingo laini karibu halina ya kutoa. Sasa ingiza kwanta. Chembe nne zilizokaribia kutulia zinageuka mbili, kila moja ikibeba nishati ya 2m, zikikimbia pande mbili zinazopingana kwa asilimia 87 hivi ya mwendo wa mwanga. Momenta zao zinafutana. Bonge halidaiwi kitu. Hesabu za klasiki hazilioni tukio hili kwa sababu jozi hiyo huanzishwa na mitikisiko ya ombwe, ambayo kwa klasiki ni sifuri. Mark Hertzberg alipiga hesabu hiyo mwaka 2010 akakuta kasi ya kuoza inafuata kipeo cha kawaida cha ukubwa wa mtetemo. Mtetemo ukiwa mdogo vya kutosha, kwanta hushinda kwa mbali.

Hilo halina maana kwamba osiloni zote hufa upesi. Kasi hiyo hutegemea pia nguvu ya mwingiliano, λ, na ikiwa ndogo sana bonge laweza kuishi muda mrefu. Ndiyo maana watafiti wa ulimwengu mchanga bado wanazishughulikia. Ila ukiliunganisha na uga mwingine kwa nguvu, mwitikio wa mitetemo yao (resonansi) unaweza kulimaliza haraka.

Kuhusu wale wanaoonyesha punje za metali zilizotikiswa maabara mwaka 1996, zikapwita kwa umbo lilelile, kama ushahidi kwamba osiloni haifi: zile zinatiwa nishati na mashine kila sekunde. Osiloni ya uga haina mashine.

Ukiambiwa osiloni fulani ni thabiti, uliza kwanza λ yake ni kiasi gani na imeunganishwa na uga gani mwingine. Asiyejibu hayo mawili hajapiga hesabu.