Mkoba wa Bure, Mlipaji Ni Nani?



Limezuka jambo ambalo vijana wetu hulijadili kwa ukali, na wazee hulipita kwa kudhani haliwahusu. Nalo ni hili: zile programu za mkoba, ambazo watu hutia katika simu zao kwa ajili ya sarafu za kidijitali kama Bitcoin, na ambazo tangu mwanzo hutolewa bure, jee, ni haki watengenezaji wake waanze kutoza? Wako wasemao kuwa kutoza ni khiyana, na kwamba kilichoanza bure sharti kibaki bure mpaka mwisho wa dunia. Sisi twasema kutoza ni haki. Bali twazidi na kusema kuwa ujira wa wazi ni salama zaidi kwako wewe mwenye mali kuliko bure yenye siri. Na atakayekasirika, na asome kwanza mpaka mwisho.

Tusichanganye mambo mawili. Kama sarafu hizi zenyewe zafaa au hazifai ni mas-ala mengine, na wanavyuoni wamekwisha sema: Darul Iftaa ya Misri ilizikataza mwaka 2018, na Baraza la Maulamaa la Indonesia mwaka 2021 likaharimisha kuzitumia kama fedha, na wako wengine walioziruhusu kwa masharti. Leo hatuingii humo. Lakini watu wanazo. Mwaka 2021 Kenya ilitajwa kuwa ya 5 duniani katika orodha ya kampuni ya Chainalysis ya nchi ambazo watu wake wamezipokea sarafu hizi. Na po pote palipo na mali ya watu, pana haki na pana dhulma. Hapo ndipo tusemapo sisi.

Kwanza yataka ujue mkoba huu ni kitu gani. Jina lake lapoteza watu. Ndani ya mkoba hamna sarafu hata moja. Sarafu ni hesabu zilizoandikwa katika daftari moja kubwa, ambalo nakala zake zimo katika maelfu ya kompyuta duniani. Kilichomo katika mkoba ni ufunguo wako wa siri, na kazi ya programu ni kuulinda ufunguo huo na kukutilia sahihi unapotaka kumpelekea mtu. Basi ni sanduku la muhuri zaidi kuliko mkoba wa fedha.

Jambo la pili ambalo wengi hawalijui: ile ada unayokatwa unapopeleka Bitcoin haimfikii aliyetengeneza mkoba. Yaenda kwa wale waliandikao daftari, waitwao wachimbaji. Mtu akatwa, asema, "Mimi nalipa!", na kumbe fundi wa sanduku lake hakupata hata senti moja.

Na fundi huyo yuko. Wahenga walisema: ukiona vyaelea, vimeundwa. Programu ya kwanza ya Bitcoin ilitolewa bure Januari 2009. Electrum, mkoba uliotoka mwaka 2011, mpaka leo wapatikana bure. Watu wameitumia mikoba ya namna hii miaka na miaka, wasijiulize nani akesha usiku kuziba tundu ambalo mwizi amelivumbua mchana.

Tutazame mfano wa kwetu. Mzee alichimba kisima, akakiweka wakfu, na kila mpita njia akateka maji bila ya kuulizwa. Jee, maji yale ni bure? Kwako wewe mtekaji, ndiyo. Lakini mzee yule hakuacha kisima peke yake. Aliacha na shamba la minazi, na mavuno yake ndiyo yanunuayo kamba na ndoo, na kumlipa afagiaye. Kisima kisicho na shamba nyuma yake, kamba yake huoza, na siku moja mtoto hutumbukia.

Mikoba nayo ni hivyo hivyo. Iko programu yenye shamba: baadhi ya waitengenezao Bitcoin Core hulipwa kwa misaada ya taasisi kama Brink, iliyoanzishwa mwaka 2020. Hao hawana haja ya kukutoza. Lakini mikoba mingi haina shamba. Basi mwenyewe hana ila njia tatu: aache kazi, atoze wazi, au ale kwa siri.

Yaangalie yaliyotokea kwa njia ya kwanza. Mwaka 2018 kulikuwa na kipande kidogo cha programu kiitwacho event-stream, ambacho watengenezaji wengine walikitia ndani ya programu zao, na kikichukuliwa zaidi ya mara milioni moja kwa wiki. Aliyekiandika alikitoa bure, hakupata faida yo yote, na mwisho alichoka. Akatokea mtu asiyemjua, akajitolea kumsaidia, naye akamkabidhi. Mgeni yule akatia ndani yake maandishi ya wizi, na shabaha yake ilikuwa moja tu: mkoba wa Copay wa kampuni ya BitPay. Maandishi yale yalitafuta wenye zaidi ya Bitcoin 100 ili yawaibie funguo zao. Yaligunduliwa Novemba mwaka huo, na BitPay ikawaambia watumiaji wa matoleo yaliyoingiliwa wahesabu kuwa huenda funguo zao zimekwisha ibiwa, wahamishe mali zao upesi. Mlango wa mwizi ulikuwa ni uchovu wa mtu mmoja ambaye dunia nzima ilitumia kazi yake, na hakuna aliyemuuliza amekula nini.

Ama njia ya kula kwa siri, hiyo ina sura nyingi. Kuna mkoba ununuliwao na soko la sarafu, kama Trust Wallet ulivyonunuliwa na Binance mwaka 2018. Na mkoba ukiwa wa mwenye duka, usistaajabu mlango wake ukielekea dukani. Kuna na malipo ya khabari zako. Novemba 2022 kampuni ya Consensys, wenye mkoba wa MetaMask, iliandika katika masharti yake kuwa mtu apelekapo sarafu kwa njia yao ya kawaida, anwani ya mkoba wake na anwani ya mtandao ya kifaa chake hukusanywa. Watu walipiga kelele, na kampuni ikaeleza kuwa itapunguza muda wa kuziweka. Lakini fahamu maana yake: anwani hizo mbili zikikutana, mwenye kuziona aweza kujua mali hii ni ya nani na yuko wapi. Kitu ambacho humwambii jirani yako, umekitoa kwa kuona uchungu wa shilingi chache.

Sasa watatuambia: "Wewe wawatetea matajiri! MetaMask hutoza asilimia 0.875 kwa kila abadilishaye sarafu ndani yake, na mwaka 2024 serikali ya Marekani katika mashitaka yake ilidai kuwa kampuni imekusanya zaidi ya dola milioni 250 za ada." Ni kweli ilidai hivyo, na mashitaka yenyewe yakaondolewa mwaka 2025. Nasi hatumtetei mlafi. Abadilishaye dola 100 hulipa senti 87 na nusu, na abadilishaye dola 100,000 hulipa dola 875. Jee, kazi ya programu imezidi mara elfu? Wao hujibu kuwa programu huzunguka masokoni kutafuta bei nzuri, kama dalali. Vyema, na dalali ana haki yake. Lakini dalali mwadilifu hujua mahali pa kukomea. Ulafi wa mmoja haubatilishi ujira wa wote. Mwokaji akipunja mkate, twamkataza kupunja, wala hatusemi mikate yote itolewe bure.

Na watasema: "Maskini atafungiwa nje." Hili ni neno la haki, na ndilo lililotufanya tuweke masharti. Nayo ni manne.

La kwanza, ujira ujulikane kabla ya kazi. Atumaye fedha kwa M-Pesa aweza kuijua ada kabla hajatuma. Na mkoba uwe hivyo hivyo, kwa maandishi makubwa, si kwa kuificha ada ndani ya bei.

La pili, mtu asilipishwe kufungua sanduku lake mwenyewe. Kuona mali yake, kuitoa, na kuchukua ufunguo wake aende kwa mwengine, haya yabaki bure daima, alipe asilipe. Itozwe huduma: kubadilisha sarafu, kujibiwa maswali, kuongezewa mapya.

La tatu, maandishi ya programu yabaki wazi, kila ajuaye aweze kuyakagua. Wako watu wadhanio kuwa kitu kikiuzwa sharti kifichwe. Sivyo. Uhuru wa kukagua ni jambo moja na bei ni jambo jengine.

La nne, ujira uwe kwa kadiri ya kazi. Ada ndogo ya mwaka, au kiwango kisichozidi mpaka uliotajwa, ni bora kuliko kuchota fungu katika kila mali ipitayo.

Nawe mwenye nyumba, sharti la pili lishike kwa meno, kwa kuwa ndilo litakalokulinda na matapeli. Ye yote atakayekuambia, "Lipa kwanza ndipo mkoba wako ufunguke," huyo ni mwizi. Na ye yote atakayekuomba yale maneno 12 au 24 ya siri uliyopewa ulipouanzisha, hata akisema yeye ndiye fundi wa mkoba wenyewe, ni mwizi mkubwa zaidi. Fundi wa haki hutaka ujira wake. Hataki ufunguo wako. Waambie watoto wako hayo leo, kabla ya kulala.

Basi ndugu zangu, tuache tabia ya kukasirika fundi anapotaja bei, na kuchekelea mgeni anapotoa bure. Twamlipa afumaye nyavu, twamlipa nahodha, twamlipa hata ashikaye mlango wa gari. Huyu alindaye akiba ya mtu pekee ndiye tumtakaye ale upepo? Akitaja bei yake wazi, mpe au mwache, uende kwa mwengine. Akikuambia ni bure, muulize kwa upole: shamba la minazi liko wapi? Akiwa nalo, atakuonyesha. Akikosa jibu, jua kuwa nazi zinazoangushwa ni zako.

Na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi.