Mali Bila Daftari
Mashirika yetu mengi yamehamishia kumbukumbu zao kwenye kompyuta za kukodi, aghalabu ng'ambo, na kodi hutozwa kwa dola. Hatulaumu; shirika changa litapata wapi mtaji wa mitambo, jenereta na vipoza hewa? Lakini kampuni moja ya Marekani, 37signals, ililipa kodi ya dola milioni 3.2 mwaka 2022. Mwaka 2023 ilinunua mitambo yake, gharama zikashuka mno, na mafundi hawakuongezwa. Siri ni kwamba kazi yake ilikuwa ya kudumu na yenye kukadirika. Kazi ya msimu na ikodiwe. Ya kila siku, penye mafundi, imilikiwe. Tunawahimiza wakurugenzi wadai hesabu kamili kabla ya kutia sahihi, kwani mali bila daftari hupotea bila habari.