Somo la Kumi na Afya ya Kijana Asiyejiruhusu Kukosea

Kila mwaka, kabla ya usajili wa watahiniwa wa kidato cha nne kukamilika, swali moja huzuka katika nyumba nyingi za Bagamoyo, Mapinga, Bunju na Tegeta: je, mtoto anayefanya vizuri aongeze somo? Aghalabu swali hilo huachiwa walimu. Lakini kwa kijana wa aina moja, yule anayeiona alama B kuwa aibu, hilo ni swali la afya pia, na tabibu wa zahanati ana la kusema.

Hesabu yenyewe si ngumu. Kwa utaratibu wa Baraza la Mitihani la Tanzania, daraja la ufaulu wa kidato cha nne hukokotolewa kwa masomo 7 ambayo mtahiniwa amefanya vizuri zaidi. A huhesabiwa pointi 1, B pointi 2, C pointi 3. Mwenye A saba hupata pointi 7, na hakuna matokeo bora kuliko hayo. Daraja la kwanza lenyewe huendelea hadi pointi 17. Hivyo somo la 8, la 9 au la 10 laweza kuziba pengo la somo lililokwenda kombo, lakini haliwezi kumpandisha aliyekwisha kufika kileleni. Hata anayeota kuwa daktari atapimwa kwa Fizikia, Kemia na Baiolojia za kidato cha sita, wala si kwa wingi wa masomo aliyoyafanya miaka miwili nyuma.

Ikiwa hesabu iko wazi hivyo, mbona kijana hung'ang'ania somo la ziada hata usingizi ukimtoka? Jibu huenda limo katika namna anavyojithamini. Mwaka 1991 wanasaikolojia Paul Hewitt na Gordon Flett wa Kanada walieleza sura tatu za hamu ya ukamilifu: ya mtu kujidai ukamilifu mwenyewe, ya kuwadai wengine, na ya kuamini kwamba wengine ndio wanaomdai. Sura hii ya tatu ndiyo inayohusishwa zaidi na wasiwasi na sonona. Mwaka 2019 Thomas Curran na Andrew Hill walichapisha uchambuzi wa tafiti za wanafunzi wa vyuo wa Marekani, Kanada na Uingereza kuanzia 1989 hadi 2016, wakaonyesha kuwa sura zote tatu zimeongezeka. Takwimu hizo si za Pwani, lakini mtumishi wa afya wa Pwani hatapata taabu kumtambua kijana anayeelezwa.

Kijana huyo hafiki zahanati akisema, “Naogopa kukosea.” Hufika na maumivu ya kichwa, tumbo linalowaka, moyo unaokwenda mbio au hedhi iliyovurugika. Hupimwa malaria, vimelea havionekani, hupewa dawa ya maumivu na kurudi bwenini. Baada ya wiki mbili yuko tena kwenye benchi. Uchunguzi wa mwili ni wa lazima na usirukwe, lakini ukikamilika bila jibu, maswali mawili hayagharimu kitu: “Unalala saa ngapi?” na “Ukipata B, nini kitatokea?” Chama cha Marekani cha tiba ya usingizi kilipendekeza mwaka 2016 kwamba wenye umri wa miaka 13 hadi 18 walale saa 8 hadi 10. Anayezima taa saa saba usiku na kuamka saa kumi alfajiri hafikii hata nusu ya hizo.

Je, basi akatazwe? Hapana. Kumwambia kijana wa namna hii “hutaweza” ni kuthibitisha hofu ileile inayomla. Na somo la ziada laweza kuwa na heri yake: Kiarabu kwa aliyekipenda tangu madrasa, Kompyuta kwa mwenye udadisi, Hisabati ya Ziada kwa anayefurahia namba. Kinachotakiwa ni kupambanua hamu na hofu, na swali moja hutosha kuanzia: “Mwanangu, ungeambiwa leo kwamba somo hili utapata C, bado ungelisoma?” Anayejibu ndiyo kwa moyo mkunjufu analipenda somo, na kwa kuwa masomo 7 bora yana nafasi yake, C hiyo haitamharibia daraja. Huenda likawa somo la kwanza kumfunza kwamba mtu aweza kuwa wa kawaida na bado akapendwa. Anayenyamaza, au anayejibu kwamba wenzake wote wanalifanya, anasukumwa na hofu. Kwake, kuliacha ni tiba.

Asiye na uhakika ajaribu kwa mwezi mmoja kabla ya usajili. Hapa wazazi wengi hukosea kipimo. Wakimpima kwa alama, atafaulu jaribio, kwa maana atakata usingizi na chakula ili afaulu. Apimwe kwa saa za kulala, milo, ucheshi wake na kama bado anapata jioni moja ya kukaa na wenzake. Tena masharti ya kuacha yakubaliwe mapema, ili siku ya kuacha ikifika, awe ametimiza makubaliano, asijione ameshindwa.

Watu wazima nao wajitazame. Januari 2023, Baraza la Mitihani lilipotoa matokeo ya kidato cha nne ya 2022, liliacha desturi ya kutangaza shule na wanafunzi bora kitaifa. Orodha hiyo haina budi kuondoka na sebuleni. Mzazi anayesema “sikudai chochote”, kisha akamsifu binamu mwenye A tisa mbele ya wageni, amekwisha kudai.

Ziko dalili zisizongoja mjadala wa masomo: kijana anapoacha kula, anapojijeruhi, anapojitenga kwa majuma au kutamka kwamba heri asingezaliwa. Huyo asiachwe peke yake, apelekwe hospitali siku hiyohiyo. Na namba 116 ya huduma ya simu kwa mtoto hupigwa bila malipo. Yasemwe wazi na walimu wa bweni pia, kwa kuwa wao ndio walio naye usiku.

Wahenga walisema mshika mbili moja humponyoka. Kijana asiyejiruhusu kukosea hushika kumi, na kinachomponyoka ni usingizi, kisha furaha, kisha afya. Cheti cha kidato cha nne kitaandikwa mara moja; mwili na akili vitakavyokibeba vinahitajika miaka mingi baada ya hapo.